Antena ya Ngomeni na lugha moja ya angani

Na Mwandishi Wetu

UKITOKA mjini Malindi ukashika barabara ya kaskazini, ukapita Mambrui na kisha Gongoni penye mashamba ya chumvi, utafika Ngomeni. Ni kijiji cha wavuvi. Lakini ukitupa jicho baharini, katika Ghuba ya Ungwana, utaona majukwaa ya chuma yaliyosimama majini kwa miguu mirefu kama korongo anayevizia samaki.

Ni kutoka hapo ambapo Waitaliano, wakisaidiana na Wamarekani, walirusha setilaiti kadhaa kati ya mwaka wa 1967 na 1988. Mojawapo iliondoka Desemba 12, 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala. Ilipewa jina la Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengwa kwa kazi ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani.

Roketi zilinyamaza, lakini kazi haikuisha. Katika kituo kilicho nchi kavu, kinachoitwa Luigi Broglio kwa heshima ya profesa Mwitaliano aliyeanzisha mradi huo, antena ziliendelea kugeuka zikifuata setilaiti zinazopita. Setilaiti za Marekani kama vile Swift iliyorushwa mwaka wa 2004, NuSTAR ya mwaka wa 2012 na IXPE ya mwaka wa 2021 zote zilipangiwa kumwaga data zake hapo.

Hebu fikiri, msomaji. Setilaiti ni ya Mmarekani. Antena ni ya Mwitaliano. Ardhi ni ya Mkenya. Na wanaosubiri habari za Swift wamo katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, ng'ambo ya bahari mbili. Setilaiti yenyewe inakwenda mbio, inaizunguka dunia kila baada ya saa moja na nusu hivi, na kila inapopita juu ya Malindi huonekana kwa dakika chache tu kabla ya kuzama upande wa pili. Hakuna wakati wa kuulizana, "Ulisemaje?"

Je, watu hawa wote husikilizana vipi?

Jibu ni kwamba walikaa chini wakakubaliana zamani, kabla ya setilaiti hiyo kuundwa. Mapatano hayo yana historia ndefu, na ndiyo tunayotaka kuisimulia leo.

RELI ZISIZOKUTANA

Tuanze na jambo ambalo kila mtu wa hapa analijua. Reli mpya ya kutoka Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa mwaka wa 2017, ikaendelezwa hadi Naivasha. Mzigo wa kwenda Uganda ukifika hapo hushushwa na kupakiwa katika mabehewa ya reli ya zamani. Kwa nini? Kwa sababu vyuma vya reli ya zamani vimepishana kwa mita moja kamili, ilhali vya reli mpya vimepishana kwa milimita 1,435. Behewa la huku haliwezi kuendelea kule.

Majirani zetu wa Tanzania wanalo jambo kama hilo huko Kidatu, ambapo reli ya TAZARA hukutana na mfumo wa Reli ya Kati. Hapo tofauti ni ndogo mno: milimita 1,067 kwa milimita 1,000. Ni milimita 67 tu, upana wa vidole vitatu au vinne, lakini zinatosha kulisimamisha treni zima.

Mambo ya anga yalikuwa hivyo katika miaka ya sitini na sabini. Kila shirika lilijenga vyombo vyake, antena zake na mitambo yake ya kufasiri mawimbi. Wamarekani walikuwa na taratibu zao, Wazungu wa Ulaya zao, Warusi zao na Wajapani zao. Shirika moja lilipotaka kusaidiwa na antena ya jingine, wahandisi walilazimika kuketi miezi mingi wakiunda mtambo wa kuunganisha pande mbili. Safari hiyo ikiisha, mtambo unawekwa kando. Safari mpya ikija, kazi inaanza upya.

Na kusaidiana hakukwepeki. Dunia ni mviringo, nayo inazunguka. Chombo kilicho mbali angani kinaonekana kutoka California kwa saa kadhaa, kisha kinatua kama jua linavyotua. Anayetaka kukisikia saa zote ishirini na nne inambidi awe na antena katika pande nyingi za dunia. Si kila nchi ina fedha za kujenga antena pande zote, na hata iliyo nazo huhitaji rafiki siku ya dhiki.

HASARA YA KUTOELEWANA

Kuna wanaodhani kutoelewana huku ni mzaha wa wahandisi. Wakumbuke yaliyoipata Mars Climate Orbiter.

Chombo hicho cha Marekani kiliondoka duniani Desemba 11, 1998 kwenda kuchunguza hali ya hewa ya sayari ya Mirihi. Kilisafiri zaidi ya miezi tisa. Septemba 23, 1999 kilifika, kikawasha injini ili kipunguze mwendo, kikapita nyuma ya sayari. Hakikusikika tena.

Uchunguzi ulifichua jambo la kusikitisha. Programu moja ya kompyuta, iliyotumiwa na kampuni iliyokiunda chombo hicho, ilikuwa ikitoa hesabu za msukumo wa injini ndogo kwa vipimo vya Kiingereza vya ratili. Wasafirishaji wa NASA waliopokea hesabu hizo walizisoma kama vipimo vya metriki, yaani nyutoni. Kosa lilikuwa la zaidi ya mara nne. Chombo kiliingia katika anga ya Mirihi kikiwa kwenye kimo cha kilomita 57 hivi tu, chini mno, na kikapotea.

La kuuma zaidi ni kwamba maandishi ya mapatano yalikuwapo. Yalisema wazi vipimo vya metriki ndivyo vitakavyotumika. Hayakufuatwa, na hakuna aliyeyakagua hadi mwisho. Na hawa walikuwa watu wa nchi moja wanaozungumza lugha moja! Sembuse wa mabara mbalimbali?

KAMATI YA VITABU VYA RANGI

Mwaka wa 1982, mashirika makubwa ya anga yaliunda kamati ya kuzuia mambo kama hayo. Jina lake refu ni Kamati ya Ushauri ya Mifumo ya Data za Anga, lakini hujulikana zaidi kwa herufi CCSDS. Wanachama wake ni mashirika kumi na moja: ya Marekani, Urusi, China, Japani, Kanada, Brazili, Ufaransa, Ujerumani, Italia, Uingereza na Shirika la Anga la Ulaya, ESA. Mashirika mengine mengi huhudhuria kama watazamaji.

Itazame orodha hiyo tena. Marekani, Urusi na China! Tangu mwaka wa 2011, sheria ya Marekani imeibana NASA isishirikiane na China ana kwa ana bila idhini maalumu. Baada ya vita vya Ukraine kupamba moto mwaka wa 2022, ESA na Urusi walivunja mpango wao wa kupeleka gari la utafiti Mirihi. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Lakini katika kamati hii mafahali wako watatu, na wote wametia sahihi mapatano yale yale ya jinsi data zinavyofungwa na kufunguliwa.

Siri yao ni nini? Kwanza, kamati haimlazimishi mtu. Inatoa mapendekezo tu. Pili, haiamui kwa wengi wape. Hujadiliana hadi pasiwe na anayepinga. Wahandisi hukutana mara mbili kwa mwaka, safari hii katika nchi hii, safari ijayo katika nchi nyingine. Ni kazi ya polepole inayochosha, na pendekezo moja laweza kuchukua miaka.

Kila hatua ina rangi ya jalada lake. Rasimu inayokaguliwa na mashirika huitwa Kitabu Chekundu. Maelezo ya kufundishia huwa Kitabu Kijani. Utaratibu wa kazi uliopendekezwa huwa katika kitabu cha rangi ya zambarau nyekundu. Na kiwango kilichokamilika, ambacho mtu anaweza kukitegemea na kujengea mtambo, ndicho Kitabu cha Buluu.

Lakini Kitabu Chekundu hakigeuki kuwa cha Buluu kwa maneno matupu. Ni lazima watu wa pande mbili, kila mmoja akisoma kitabu kivyake, waunde mitambo miwili, kisha mitambo hiyo iunganishwe ionekane kama inaelewana. Ikiwa haielewani, basi kitabu kina kasoro, kirudi kurekebishwa. Mkaguzi wa namna hii ndiye aliyekosekana kwa Mars Climate Orbiter.

HODI NA BAHASHA

Kitu cha kwanza walichokubaliana ni jinsi ya kuzungumza baina ya chombo na antena.

Data za angani hufungwa katika vifurushi, mfano wa barua katika bahasha. Juu ya kila bahasha kuna anwani fupi inayoeleza barua imetoka kwa kifaa kipi, ni ya ngapi, na ina urefu gani. Nafasi ya namba ya barua inatosha hesabu 16,384 kabla ya kuanza tena. Kwa hivyo barua moja ikipotea njiani, mpokeaji anajua mara moja. Mali bila daftari huisha bila habari, na hiyo ndiyo daftari yao.

Halafu bahasha hizo hupangwa katika mifuko, na mbele ya kila mfuko chombo hupiga hodi. Hodi hiyo kwa kawaida ni mfuatano maalumu wa sifuri na moja 32. Mawimbi yanapofika duniani yakiwa hafifu na kuchanganyika na kelele za anga, mtambo wa antena husikiliza hodi hiyo tu. Ukiisikia, unajua mfuko unaanza hapo.

Mwisho, huongezwa tarakimu za kusahihishia. Katika mbinu moja mashuhuri, kwa kila herufi 223 za habari hutiwa nyingine 32 za ziada, na kwa hesabu hizo mpokeaji anaweza kurekebisha hadi herufi 16 zilizoharibika bila kumwomba mtumaji arudie. Jambo hili ni kubwa, maana chombo kilicho mbali kikiombwa kurudia, jibu huenda likachukua saa nyingi.

KUTOKA LUGHA HADI HUDUMA

Basi lugha ikapatikana. Lakini ikabaki nusu ya safari. Antena ya jirani ikishazipokea data zako, zitafikaje kwako? Utamwombaje akutengee saa fulani? Atakueleza vipi kuwa leo mvua imenyesha na mawimbi yalikuwa mabaya?

Chukua mfano wa mashine ya kusaga mahindi pale sokoni. Mama anapoleta debe lake la mahindi hahitaji kujua injini ni ya aina gani, wala mwenye mashine hahitaji kujua unga utapikwa ugali au uji. Wanachopatana ni mambo machache: kinacholetwa ni nini, kinachotoka ni nini, zamu ni saa ngapi, na unga wa huyu usichanganywe na wa yule. Mama huyo akihamia mtaa mwingine ataikuta mashine nyingine, na mapatano ni yale yale.

Hivyo ndivyo mashirika ya anga yalivyoanza kuitazama antena. Waliiona kama mahali pa kutolea huduma zenye majina na masharti yanayofahamika. Kupeleka amri kwa chombo ni huduma. Kurudisha data ni huduma. Kupima umbali na mwendo wa chombo ni huduma. Na kupanga zamu ni huduma pia.

Muundo wa msingi wameuita A-B-A. Chombo ni cha shirika A, antena ni ya shirika B, kituo cha kuongozea ni cha A tena. Kazi ya mapatano ni kuhakikisha kwamba B akiwa katikati, A haoni tofauti yoyote. Swift, Malindi na Pennsylvania ni A-B-A kamili.

Jaribio kubwa lilikuja na setilaiti ya Ulaya, Integral, iliyorushwa kutoka Baikonur Oktoba 17, 2002. Ilihitaji kusikika karibu wakati wote, na antena ya ESA iliyoko Redu nchini Ubelgiji haikutosha peke yake. NASA ikatoa antena yake ya Goldstone, California. Data za Goldstone zilifika katika kituo cha ESA mjini Darmstadt, Ujerumani, kwa utaratibu mpya wa huduma wa CCSDS, katika umbo lile lile la zile za Redu.

Baada ya hapo ikaonekana ni vyema mambo yote yawekwe katika ramani moja. Kundi la wakuu wa shughuli za mashirika hayo liliorodhesha huduma ambazo kila mmoja angeweza kumtolea mwenzake. CCSDS nayo ikachora muundo wa jumla unaoonyesha nani anatoa nini, kwa nani, na kwa njia ipi. Maelezo yake yalichapishwa mwaka wa 2013, na masharti yake mwaka wa 2015.

MATUNDA NA MIIBA

Faida yake ilionekana mbali sana na nyumbani. Februari 6, 2004, gari la Marekani liitwalo Spirit lilikuwa juu ya udongo wa Mirihi. Chombo cha Ulaya, Mars Express, kilipita angani juu yake. Amri zilitoka kwa Wamarekani huko California, zikaenda Darmstadt, zikarushwa hadi Mars Express, nacho kikaziteremsha kwa Spirit. Spirit ikajibu kwa njia ile ile. Vyombo hivyo viwili viliundwa katika mabara tofauti na watu tofauti. Lakini redio zao zilikuwa zimefuata kitabu kimoja.

Haina maana kwamba mapatano ni dawa ya kila ugonjwa. Novemba 2011 Urusi ilirusha chombo cha Phobos-Grunt kwenda kwenye mwezi mmoja wa Mirihi. Injini zake hazikuwaka, kikakwama karibu na dunia kikiwa kimya. Siku zikapita. Ndipo kituo cha ESA cha Perth, Australia, kikaombwa kijaribu. Antena yake ilikuwa imezoea vyombo vya mbali, vinavyotembea polepole angani. Hiki kilikuwa karibu na kilipita mbio. Wahandisi waliipachika antena kifaa kama koni ili mawimbi yatawanyike, wakapunguza nguvu zake, na usiku wa Novemba 22 chombo kikaitika. Furaha haikudumu. Hakikuweza kuokolewa, na Januari 15, 2012 kilianguka.

Hapo pana funzo. Urafiki wa siku ya msiba ni mzuri, lakini ule uliopangwa mapema ni bora. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Miiba mingine ni ya kawaida. Shirika lililotumia mamilioni kununua mitambo ya zamani halina haraka ya kuitupa. Kila mwenye chombo ana hofu kwamba mgeni anayepitisha amri zake anaweza kuzichungulia au kuzivuruga, kwa hivyo kufuli za siri nazo zimebidi ziandikiwe vitabu. Na sasa safari za mwezini zinaongezeka, muundo wa A-B-A hautoshi. Data huenda zikapita kwa A, B, C na D kabla ya kufika. Kwa sababu hiyo wamebuni njia ya kila kituo kuhifadhi mzigo hadi kile cha mbele kionekane, kisha kuupitisha, kama watu waliopanga mstari wakipokezana ndoo za maji. Setilaiti ya NASA iitwayo PACE, iliyorushwa Februari 2024 kuchunguza bahari na hewa, imekuwa ikiitumia njia hiyo katika kazi za kila siku.

NA SISI JE?

Kenya iliunda shirika lake la anga mwaka wa 2017, na Aprili 15, 2023 setilaiti yetu Taifa-1 ilirushwa kutoka California. Katika orodha ya wanachama wa kamati hii jina la Kenya halimo, ingawa Afrika Kusini imo kama mtazamaji. Huenda wengine wakasema hayo ni mambo ya matajiri.

Lakini vitabu vyote vya rangi hutolewa bure. Mwanafunzi wa Kakamega au wa Kilifi anaweza kukisoma Kitabu cha Buluu kile kile anachosoma mhandisi wa Darmstadt. Akiunda redio ndogo chuoni kwa kufuata kitabu hicho, mlango unabaki wazi: antena ya mgeni itaweza kusikia hodi yake, naye ataweza kusikia ya mgeni. Akijibunia lugha yake mwenyewe, itambidi ajijengee na antena za dunia nzima.

Huko Ngomeni wavuvi wanaendelea kutupa nyavu zao karibu na majukwaa ya chuma. Ndani ya ua wa kituo, antena inapogeuka kuifuata setilaiti, muda wa kuzungumza ni dakika chache tu. Zinatosha, kwa sababu mazungumzo marefu yalikwisha kufanywa.